Hesabu ya Vidole na Ramani ya Kompyuta



Kila msafiri wa njia kuu ya Mombasa na Nairobi apitaye hapa Mackinnon Road huuona msikiti ulio kando ya reli, palipozikwa Sayyid Baghali, na aghalabu husimuliwa kwamba marehemu, zama za kujengwa kwa reli hiyo, karai lake lilikuwa likielea juu ya utosi wake lisiuguse. Mimi si mwanachuoni wa karama, wala sikuja kuzijadili. Nimeanza na habari hii kwa kuwa fani niliyoombwa kuizungumzia nayo yahusu vitu vizito vining'inizwavyo angani vikaonekana havina uzito.

Fani yenyewe ni sanaa ya kusimika, ile isiyotundikwa ukutani ikatazamwa kwa mbali, bali hujaza ukumbi au uwanja hata mtazamaji akawa yumo ndani yake. Bibi mmoja wa Marekani, Janet Echelman, alikwenda India mwaka 1997 akiwa mchoraji, rangi zake zisifike, naye katika kungoja akawatazama wavuvi wa Mahabalipuram na nyavu zao ufukweni, ikamdhihirikia kuwa wavu waweza kuwa sanamu. Kazi yake iliyotandwa juu ya mji wa Boston mwaka 2015 ilikuwa na mafundo zaidi ya laki 5, na kwa kuwa hapana jicho liwezalo kukadiria kila fundo litavutwaje na uzito wake na upepo, ilibidi iundwe programu ya kompyuta iufahamuyo wavu. Kisha mashine zikafuma, na mikono ikaunga.

Nami nilidhani nimekwisha kufahamu. Nikachora kwa kompyuta kuba mfano wa kikapu kilichopinduliwa, upana wake mita 3, nikalipiga chapa, nikampelekea mama mmoja wa hapa asukaye vikapu vya katani. Alikuwa ameketi mkekani akisokota uzi juu ya paja, na magoti yake yamejaa vumbi jeupe la katani. Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akauliza kwa upole:

“Mwanangu, nyuzi naziongeza wapi?”

Sikuwa na jawabu. Kikapu huanzia kitakoni kwa nyuzi chache, na kila duara lizidipo upana msusi hana budi kuongeza nyuzi za kusimama: akiongeza upesi kitako hulala bapa kama sinia, akikawia ubavu huanza kuinuka, akiacha kabisa husimama wima. Tumbo la kikapu, basi, ni hesabu kabla ya kuwa umbo, na hesabu hiyo mama yule anayo vidoleni, ilhali ramani yangu, pamoja na uzuri wote wa mistari yake, haikuwa na hata nambari moja ya kumfaa. Nikarudi, nikazifuta milimita, nikaiamuru kompyuta ihesabu kwa duara na kwa uzi.

Ikakubali mara moja, wala si ajabu, maana asili yake ni nyumbani kwa mfumi: mtambo wa Jacquard wa Ufaransa, wa mwaka 1804, ulisomeshwa nakshi kwa kadi zilizotobolewa, na Charles Babbage akaiazima hila iyo hiyo alipobuni mashine yake ya kukokotoa. Ndiyo maana huchoka nisikiapo kwamba kompyuta imekuja kuwafundisha wasusi. Mwaka 2022 Acaye Kerunen wa Uganda alisimika katika maonyesho ya sanaa ya Venice kazi zilizotokana na mikono ya wanawake wengi wasusi wa nchi yake, na banda la Uganda, lililoshiriki kwa mara ya kwanza, likatajwa kwa heshima na waamuzi.

Kuba letu lilikusudiwa Diani, pwani, ambako hewa ni ya unyevu na chumvi, si kama ukavu huu wa nyika ya Taru. Katika ramani nilizikaza kamba zote kama nyuzi za zeze. Mama akatikisa kichwa: kamba ya katani ikinywa maji hujaa na kufupika, jambo ambalo baharia yeyote wa jahazi angeliniambia bure, na kuba lingejing'oa lenyewe asubuhi ya kwanza ya umande. Niache ulegevu, akasema. Nikamwuliza kiasi gani. Akaunyosha mkono wake juu ya karatasi, toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya cha mwisho, nami pale palipoandikwa sentimita nikaandika: shubiri moja.