PUMU NA MZIO MIONGONI MWA WANAFUNZI WA SKULI

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na daktari mbele ya walimu wakuu, masheha na wazazi. Inachapishwa ili iwafikie watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla.



Nimetakiwa nieleze pumu imeenea kiasi gani miongoni mwa watoto wa skuli. Jibu lake si jepesi. Malaria huthibitishwa kwa tone la damu, lakini mtoto wa pumu huweza kupimwa asubuhi akaonekana mzima, na usiku wa manane akawa anaigombania pumzi. Ndiyo maana watafiti hutegemea zaidi kuuliza.

Mwaka 1991 ulianzishwa utafiti wa kimataifa uitwao kwa ufupi ISAAC. Matokeo yake ya mwanzo, yaliyotangazwa mwaka 1998, yalihusu watoto zaidi ya 460,000 wa umri wa miaka 13 na 14, katika nchi 56. Waliulizwa iwapo kifua kiliwahi kulia kama filimbi katika miezi 12 iliyopita. Katika Albania, China na Ugiriki waliosema ndiyo hawakufika 5 kwa kila 100; katika Australia, New Zealand na Uingereza walikaribia 30.

Hapa pana jambo la lugha. Sauti ile ya kifua haina neno moja katika lugha nyingi, na watafiti walilazimika kuonesha pia filamu ya video. Kwetu mmoja atasema kifua kinabana, mwengine kinakoroma, na bibi atasema tu kwamba mtoto "ana kifua". Mtoto wa namna hiyo hunyweshwa dawa ya kikohozi mwaka hadi mwaka, na neno pumu halitajwi.

Jirani zetu wa Kenya walitumia njia nyengine: waliwakimbiza wanafunzi, kisha wakawapima pumzi. Matokeo ya mwaka 1998 yalionesha kwamba njia za hewa zilibana kwa takriban 23 kwa kila 100 mjini Nairobi, na 13 kwa kila 100 katika vijiji vya Murang'a. Si wote hao wenye pumu, lakini tofauti ya mji na shamba ni ya kutufikirisha.

Urithi nao una sehemu yake. Katika kisiwa cha Tristan da Cunha, Atlantiki ya Kusini, zaidi ya nusu ya wakaazi waliopimwa katika miaka ya 1990 walikutwa na dalili za pumu, walau kwa kiasi. Wote ni kizazi cha wahamiaji wachache, na baadhi ya wahamiaji hao walikuwa na maradhi hayo.

Mzio ni ndugu wa pumu. Mtoto yule yule huweza kupiga chafya kila asubuhi, kuwashwa macho, au kuwa na pumu ya ngozi. Wadudu wa vumbi, wasioonekana kwa macho, hupenda unyevunyevu na hukaa ndani ya magodoro na mito. Moshi wa jikoni na wa sigara huzidisha shida. Darasani, naomba ufagio upite watoto wakiwa nje, na sakafu inyunyiziwe maji kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Katika skuli moja niliyoitembelea, pampu ya mwanafunzi ilifungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Mtoto anayebanwa hawezi kusubiri ufunguo. Pampu na ikae mfukoni mwake, na mwalimu wa darasa ajue inavyotumika. Wazazi wengi huamini kwamba pampu humzoesha mtoto au humdhuru moyo. Dawa inayovutwa hufika moja kwa moja kwenye njia za hewa, hivyo kipimo chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Moyo kwenda mbio kidogo baada ya kuvuta ni kawaida, na hupita. Ila pampu ya kufungua kifua ikihitajika mara nyingi kwa wiki, mtoto apelekwe hospitali, kwani pengine anahitaji ile nyengine ya kila siku inayotuliza uvimbe ndani.

Mtoto mdogo asiyeweza kuvuta sawasawa husaidiwa na chupa ya plastiki ya nusu lita: kitako hutobolewa kuingia mdomo wa pampu, naye hupumua kupitia shingo ya chupa. Madaktari wa Afrika ya Kusini waliijaribu wakaona inafaa. Nimekuja na chupa tatu na kisu; wanaotaka kuona inavyotengenezwa wasogee mezani.