NGITILI YETU TUIANDIKE KWANZA
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika, hapa ghalani)



Tumekutana kwa jambo moja. Wanunuzi wa miti wamefika kutoka upande wa machimbo. Wanataka magogo ya kushikilia mashimo ya dhahabu, yale wachimbaji wanayoyaita matimba, na matawi yatakayobaki wachome mkaa. Fedha wanayo mkononi. Sisi tuna ngitili ya kijiji. Je, tuuze?

Hebu tukumbuke kwanza. Desturi ya wazee ilikuwa hii: mvua zikianza, sehemu ya malisho inafungwa, haingii ng'ombe wala shoka. Kiangazi kikiwa kikali inafunguliwa, mifugo inakuta majani. Karatasi haikuwepo. Dagashida ikikaa na kusema, basi, neno limetosha.

Lakini miti ya Shinyanga imepigwa mara nyingi. Tangu miaka ya 1920 wakoloni walifyeka mapori ili kuua mbung'o. Mashamba ya pamba yakaongezeka, na mifugo pia. Mwaka 1974 na 1975 wazazi wetu walipohamia vijijini, ngitili nyingi zilibaki nyuma bila mwenyewe. Ikafika mahali mama anatembea kutwa kutafuta mzigo mmoja wa kuni, na wengine tukapikia samadi.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Siyo uchawi huo. Visiki vilikuwa hai ardhini, vilitaka kuachwa tu. Leo tunapata kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea.

Sasa tusikie sheria zinasemaje.

Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Kwa hiyo hakuna mtu mmoja, hata akiwa kiongozi, wa kuiuza ngitili chini ya mti.

Pili, Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002. Kijiji kinaweza kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kikaweka kamati na mpango wa kuutumia, na mapato yake yakawa ya kijiji.

Tatu, sheria ndogo. Tunazitunga wenyewe, zinapita Mkutano Mkuu, halafu Halmashauri ya Wilaya inaziidhinisha. Hapo faini yetu inakuwa faini ya sheria, hata mahakamani inasimama.

Ndugu zangu, shida yetu iko hapo. Ngitili yetu inajulikana kwa mdomo tu. Sungusungu wakimkamata mwizi wa miti, anauliza: imeandikwa wapi? Tunabaki kutazamana. Mtu wa mbali haijui dagashida yetu, anajua karatasi yenye mhuri.

Wengine mtasema, watu wa Geita ni ndugu zetu. Ni kweli. Bukombe ilikuwa mkoa mmoja na sisi mpaka mwaka 2012, na vijana wetu wako huko mashimoni. Shimo lisilo na matimba linaua. Hatusemi mti usikatwe milele, maana sheria inaruhusu kuvuna kwa mpango. Tunasema hivi: kisichoandikwa kisiuzwe.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Wanunuzi wajibiwe kwamba kwa sasa hatuuzi.
2. Mipaka ya ngitili ipimwe na kuwekewa alama, majirani wote wakiwepo.
3. Sheria ndogo ziandikwe, zisomwe kwa sauti Mkutano Mkuu, ndipo zipelekwe wilayani.
4. Kamati iwe na akina mama, maana wao ndio wanaojua kuni zinatoka wapi.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tunajua kalamu inavyolinda. Tulipoanza kusoma mizani wenyewe, kilo za pamba zikaacha kupotea. Ngitili nayo tuifanyie hivyo hivyo.

Mwenye neno asimame aseme.

Katibu