Siku ya Mshahara, Siku ya Marejesho
Mazungumzo na wakazi na wafanyabiashara wa Mbezi Luis

Tunafahamu kwamba mama lishe anayefunika sufuria zake saa kumi na moja jioni, wakati abiria wa mikoani wanatafuta chakula, ameacha fedha mezani ili aje hapa. Kwa hiyo hatutazunguka.

Tumekuja kuzungumza juu ya mkopo ule mdogo wa muda mfupi. Mwenye ajira huuchukua katikati ya mwezi akaurudisha mshahara unapotoka. Mfanyabiashara huuchukua asubuhi akaanza marejesho jioni ya kesho yake. Sheria inauhesabu miongoni mwa huduma ndogo za fedha. Ninyi mmeupa jina la kausha damu, nasi hatuoni sababu ya kulibadilisha.

Hatukuja kuwaambia msikope. Sisi wenyewe tunaishi kwa mishahara inayokwisha kabla ya mwezi, na tunajua kwamba mtoto hachagui tarehe ya kuugua. Hapa Mbezi fedha hupita mkononi kila siku, hasa tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilipofunguliwa Februari 2021, na mahali ambapo fedha hupita kila siku hapakosi mtu wa kukopesha kwa siku. Hilo peke yake si kosa. Tunalolitafuta jioni hii ni sababu inayomfanya mtu aliyekopa mara moja, kwa shida moja, ajikute bado anakopa mwaka unaofuata ilhali shida ile ilikwisha zamani.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini tuangalie ni kulipa kwa namna gani.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu wala hatumsemi mtu. Mlinzi wa getini analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Tarehe 12 anakopa shilingi 100,000 kwa masharti ya kurudisha shilingi 130,000 mwisho wa mwezi. Mshahara unatoka, analipa zote kama alivyoahidi, na anabakiwa na 170,000. Ametimiza neno lake, lakini 170,000 haziwezi kubeba kodi ya chumba, nauli, chakula na ada. Kabla wiki haijakwisha amerudi dirishani kukopa 100,000 nyingine. Mwezi ujao analipa 130,000, na anarudi tena.

Baada ya miezi sita mlinzi huyu ametoa riba ya shilingi 180,000, na zile 100,000 za mwanzo bado anadaiwa zote. Kila mwezi alilipa, wala hakuchelewa hata siku moja. Mkopeshaji atamsifu kuwa ni mteja mzuri, na kwa hesabu za mkopeshaji ni mzuri kweli. Lakini hakupata kulipa deni; alikuwa akinunua siku thelathini za kusubiri, kila mara kwa 30,000.

Watu wengi wakifika hapo hutafuta mkopo mkubwa zaidi wa kufunika ule mdogo. Wengine huapa kwamba mwezi ujao hawatakopa kabisa, na kiapo hicho hudumu mpaka tarehe 8. Ipo njia ya tatu, na ndiyo tunayoomba mwondoke nayo. Siku ileile ya marejesho, lipa deni lote kama kawaida, kisha ukikopa tena, kopa pungufu. Usiombe ruhusa kwa mtu, kwa maana hakuna mkataba unaomlazimisha mtu kukopa kiasi kilekile.

Turudi kwa mlinzi wetu. Amebana mahali, ameweza kupunguza shilingi 20,000. Mwezi huu analipa 130,000, na badala ya kukopa 100,000 anakopa 80,000. Mwezi unaofuata anadaiwa 104,000 badala ya 130,000. Riba imepungua, na nafuu hiyo asiile. Aiongeze kwenye zile 20,000. Analipa 104,000, anakopa 54,000. Mwezi wa tatu anadaiwa 70,200. Analipa, anakopa 20,200. Mwezi wa nne anadaiwa shilingi 26,260. Analipa, na haendi tena dirishani. Katika miezi mitatu ya kwanza mfuko wake umebanwa kwa shilingi 50,000 kila mwezi, yaani zile 30,000 ambazo angezitoa kwa vyovyote na 20,000 za kujinyima. Mwezi wa tano mshahara wote ni wake.

Tunasikia minong'ono, na swali ni la haki: hizo 20,000 zitoke wapi? Hatutajifanya kwamba zimelala chini ya godoro. Kwa wengine zimetoka kwenye mchezo: walioomba zamu yao ya kupokea ivutwe mbele wamepata pengo la mwezi mmoja, na pengo la mwezi mmoja linatosha kuanza. Wengine wameuza kitu kisichowaingizia fedha. Lakini wengi tuliokaa nao mezani walizipata baada ya kufanya jambo gumu kuliko kuuza redio: walimweleza mwenzi wao. Deni la kausha damu hukaa kwa siri. Baba anamficha mama, mama anamficha baba, kila mmoja ana karatasi yake chini ya nguo, na nyumba moja inatoa riba kwa milango miwili. Tumekutana na nyumba za namna hiyo. Siku walipoziweka karatasi zote mezani walilia kwanza, kisha wakaanza kuhesabu.

Mwenye madeni kadhaa aandike yote kwenye ukurasa mmoja: nani anadai, kiasi gani, riba gani, lini, na ameshika nini. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Walimu wa hesabu watakwambia uanze na deni lenye riba kubwa kuliko yote, na kwa kawaida wako sahihi. Sisi tunaongeza kwamba deni lililoshika chombo chako cha kazi, iwe kadi ya pikipiki, cherehani au friji la biashara, lisogezwe mbele hata kama riba yake si kubwa kuliko nyingine, kwa sababu chombo hicho kikienda, hata madeni mengine hayatalipika.

Sasa tuzungumze juu ya vitu vinavyoshikwa, maana hapa ndipo tunapopokea malalamiko mazito.

Kwanza ni kadi ya benki. Wapo wakopeshaji wanaochukua kadi ya mteja pamoja na namba ya siri, wakaenda kwenye mashine mshahara unapoingia, wakachukua chao na kumpigia simu aje achukue masalio. Mtu huyu hapokei tena mshahara, anagawiwa. Wala hawezi kukopa pungufu kama tulivyoeleza, kwa kuwa hesabu haiko mikononi mwake. Masharti ya benki yanakukataza kumpa mtu mwingine namba ya siri, na zikipotea fedha kwa njia hiyo itakuwia vigumu kudai. Ukiwa umenaswa hapo, nenda kwenye tawi la benki yako na kitambulisho, omba kadi ile ifungwe upewe nyingine. Fanya hivyo huku umemwandikia mkopeshaji barua inayokiri deni na kutaja utalipa kiasi gani na tarehe gani, nawe ubaki na nakala. Kufunga kadi hakufuti deni. Barua ndiyo inayoonyesha kwamba hukukimbia.

Pili ni karatasi inayoitwa mkataba. Huku kwetu pembezoni mwa jiji, kuanzia Makabe mpaka Kibamba na Msigani, viwanja vingi vimenunuliwa kwa hati za mauziano zilizoshuhudiwa na viongozi wa mtaa. Wapo wakopeshaji wanaoitumia desturi hiyo vibaya. Mtu anakuja kukopa, anaandikishwa karatasi inayosema kwamba *ameuza* kiwanja, pikipiki au samani zake, na neno mkopo halimo hata mara moja. Akichelewa, haambiwi kwamba anadaiwa. Anaambiwa akabidhi mali aliyokwisha kuiuza. Tunawasihi, na viongozi wetu wa mtaa waliopo hapa watuwie radhi kwa kulisema mbele yao: kama umekuja kukopa, usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ya kuuza. Na kiongozi anayeombwa muhuri amuulize anayedaiwa kuwa muuzaji swali moja tu, tena faraghani: umelipwa bei ya kiwanja, au umekopeshwa?

Mkataba halali wa mkopo unataja kiasi ulichopokea mkononi, riba, ada zote, tarehe za marejesho na jumla utakayolipa, na nakala yake ni haki yako. Mwambie afisa mikopo akuandikie jumla hiyo kwa tarakimu kabla hujatia sahihi. Ada ya fomu, ada ya ufuatiliaji, ada ya simu: nyingine ni riba iliyobadilishwa nguo.

Sheria ipo. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na chini yake anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni. Kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, ambao ndio wengi mnaokutana nao, wako daraja la pili na husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Kiwango cha juu cha riba kwao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. SACCOS ziko daraja la tatu, na vikundi kama vikoba daraja la nne. Mpimeni mlinzi wetu kwa kiwango hicho: riba ya mwezi kwa shilingi 100,000 ni shilingi 3,500. Yeye alikuwa akitoa 30,000.

Tatizo hili halikuzaliwa Mbezi. Uingereza, yenye mabenki ya kila namna, ilikuwa na mikopo ya kusubiri mshahara iliyoumiza watu mpaka msimamizi wa huko akaweka ukomo Januari 2015: riba na ada zote zikijumlishwa zisizidi kiasi chenyewe kilichokopwa.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu tutasema kwa ufupi. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kabla ya kupakua programu, tazama kama mwenye nayo yumo kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Asiyeweza kuifungua amwombe kijana wake. Programu inayotaka kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako inajiandaa kumtangazia mkweo, bosi wako na mchungaji au shehe wako kwamba unadaiwa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kudhalilishwa kwa njia hiyo kuna mahali pa kulalamikia, nako ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usifute ujumbe wa matusi. Huo ndio ushahidi wako.

Ukiona huwezi kulipa tarehe iliyowekwa, nenda kabla haijafika. Mwenye leseni anajua kupanga upya marejesho, na anayekuja mapema husikilizwa kuliko anayezima simu. Mkishindwana, mlalamikie yeye kwanza kwa maandishi. Usiporidhika, peleka shauri Benki Kuu. Na mtu asikutishe kwa polisi. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai. Anayetaka kukulazimisha aende mahakamani, ambako utasikilizwa na unaweza kuomba kulipa kidogokidogo. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kusaidiwa na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya maendeleo ya jamii itamwelekeza.

Mmetuuliza mlangoni kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, na Manispaa yetu ya Ubungo ni miongoni mwa halmashauri zinazohusika. Lakini tuwe wakweli: ni mikopo ya vikundi kwa ajili ya shughuli za uzalishaji. Anayeichukua kuzimia deni la kausha damu amehamisha moto kutoka nyumba yake kwenda kwa wenzake wa kikundi. SACCOS au kikoba kinaweza kukununua kutoka deni la riba kubwa, kwa sharti moja ambalo tunalisisitiza: fedha zikitoka, deni la zamani lilipwe siku hiyohiyo, na urudi na vitu vitatu mkononi, yaani stakabadhi ya kumaliza deni, dhamana yako, na mkataba wa zamani uliofutwa.

Meza zetu ziko pale chini ya mwembe, nasi tutakuwapo mpaka giza liingie. Njoo na mkataba wako, hata kama umechanika au ni picha tu kwenye simu, na njoo na mwenzi wako kama yupo. Ambaye hakupewa nakala ya mkataba aje na ujumbe wa miamala kwenye simu yake. Tutaanza kuhesabu kutoka hapo. Wenye kadi zilizoshikwa tutawaona kwanza, kwa sababu mwisho wa mwezi umekaribia.