Mzee Akibadilika, Tuulize Dawa Kwanza

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Msambweni

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za kuku. Tumekuja na jambo tunalolikuta kila tunapotembelea nyumba, kuanzia Diani hadi Lunga Lunga. Mzee ameanza dawa za presha au za sukari, na baada ya wiki chache si yule tena. Mmoja asema ni uzee. Mwingine asema kuna mkono wa mtu. Dawa yenyewe haitajwi.

Chukueni shangazi yetu wa Kinondo, aliyepita miaka 75. Alipewa enalapril. Presha ikashuka vizuri, lakini akaanza kukohoa kikohozi kikavu, usiku kucha. Watoto wakamnunulia dawa za kifua dukani. Akapimwa TB, hakuna kitu. Hata hivyo kikombe chake kikawekwa mbali na vya wengine, na wajukuu wakakatazwa kulala naye. Mzee anatengwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe! Hadi siku moja mhudumu wa afya wa kijiji, alipokuja kumpima presha, akauliza swali moja tu: kikohozi kilianza kabla ya dawa au baada yake? Daktari akambadilishia, akampa losartan. Kikohozi hakikuondoka siku ile ile, kilichukua wiki tatu hivi, lakini kiliondoka.

Jamani, kikohozi hicho madaktari wanakijua. Kimeandikwa kwenye karatasi inayokunjwa ndani ya pakiti. Shida ni kwamba sisi twapewa vidonge kwenye kibahasha, karatasi yabaki huko huko.

Dawa nyingine ya presha, amlodipine, huweza kuvimbisha miguu. Huku kwetu mguu ukivimba twafikiria matende, na si ajabu, maana tumeyaona sana. Lakini matende huja polepole, kwa miezi na miaka, na mara nyingi mguu mmoja huzidi mwingine. Uvimbe wa dawa hii huwa kwenye vifundo vya miguu yote miwili, huzidi jioni na kupungua asubuhi. Msijiamulie wenyewe lakini, kwa sababu hata moyo na figo zikiugua miguu huvimba. Apimwe.

Sasa tufike kwenye lile linalotutia hofu zaidi. Mzee anaamka usiku, anatembea uani, anasema maneno yasiyoeleweka. Huku pwani, Kwale na Kilifi, mnajua wenyewe wazee wangapi wamesingiziwa uchawi, na wengine wakauawa. Mzee kupotewa akili kwa ghafla kunaweza kuletwa na malaria au maambukizi mengine, na kunaweza kuletwa na kidonge. Piriton, ile ya mafua na kuwashwa ambayo kila duka linayo, humchanganya mzee. Dawa za usingizi vile vile. Na zile za presha zinazokojoza zaweza kupunguza chumvi mwilini hadi akili ikaruka.

Kuna pia glibenclamide ya sukari. Mzee akiimeza kisha asile, sukari hushuka mno: anatoka jasho, anatetemeka, anakuwa mkali au anaongea ovyo. Kama anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi mara moja, kisha hospitali hata kama amepata nafuu. Kama amezimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Ndugu zetu Waislamu wanaotumia dawa hii wamwone daktari kabla ya Ramadhani kuingia, wasingoje hadi mwezi uandame.

Mtu atauliza, mbona jirani yangu anameza hiyo hiyo na hana neno? Miili haifanani. Tena figo na maini ya mzee hufanya kazi polepole, kwa hivyo dawa hukaa mwilini muda mrefu. Kipimo kinachomfaa mtu wa miaka 40 kinaweza kumwangusha wa miaka 80, na kuanguka huko ndiko kunakovunja nyonga.

Halafu zile dawa za magoti. Diclofenac na Brufen za dukani hupandisha presha, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo. Mzee akienda haja nyeusi kama lami, hiyo ni damu, msilale nayo nyumbani.

Tufanyeje basi? Siku ya kliniki, wekeni dawa zote za mzee ndani ya kikapu. Tunasema zote: za hospitali, za dukani, alizopewa na jirani, hata mwarobaini na shubiri. Msione haya mbele ya daktari. Mwambieni tarehe dawa ilipoanza na tarehe mabadiliko yalipoanza.

Msimsimamishie mzee dawa ya presha kwa shauri lenu. Presha ikiruka, kiharusi hakipigi hodi. Lakini akivimba midomo, ulimi au uso, au ngozi ikitoka malengelenge, msimpe kidonge kingine, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Vikundi vilivyo na mfuko wa dharura, nauli ya namna hii ndiyo kazi yake.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawalijui. Serikali ina Bodi ya Dawa na Sumu, na hospitalini kuna fomu ya manjano ya kuipasha habari dawa ikimdhuru mtu. Mgonjwa mwenyewe au jamaa yake pia anaruhusiwa kutoa habari. Iulizieni kwa mfamasia. Akisema fomu zimekwisha, mwombeni aandike jina la dawa, tarehe na dalili kwenye kitabu cha mzee, na kitabu hicho kisiachwe nyumbani siku ya kliniki.