Jasho na Kauli: Vijana katika Kazi za Kujitolea za Jamii

Katika vikao vya mitaa na vijiji vyetu, lawama moja imekuwa kama wimbo: kijana wa leo hajitolei. Siku ya usafi haonekani. Mtaro ukiziba anapita pembeni. Zahanati ikijengwa, wanaosomba mawe ni mama zake. Naichukulia lawama hii kwa uzito, kwa sababu wanaoitoa wanaipenda jamii yao na wanaona kazi inalala. Lakini naamini imelenga pasipo. Hoja yangu ni kwamba kijana hakimbii kazi ya jamii. Anachokikimbia ni kazi ambayo wengine wameichagua, wameipanga na kuishikia fedha, kisha yeye akaitwa siku ya kubeba. Anayetaka jasho la kijana ampe kauli kwanza: kauli katika kuchagua kazi, katika kuipanga, na katika kukagua hesabu zake. Nitaipima hoja hiyo kwa historia yetu wenyewe, kisha niyajibu mapingamizi yake mazito.

Kazi ya pamoja si jambo tulilofundishwa na wafadhili. Msaragambo wa Upareni, kulimiana kwa zamu katika sehemu nyingi za bara, na vikundi vya kuzikana vya mijini vina msingi mmoja: anayetoa nguvu zake leo anajua nani anafaidika, na anajua zamu yake itafika. Msingi huo ukivunjwa, kazi ile ile hugeuka kuwa dhuluma. Katika utawala wa Wajerumani watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Kwa macho tu, lile shamba lingeweza kufanana na msaragambo: watu wengi, majembe mengi, shamba moja. Lakini hakuna mkulima aliyeulizwa, na malipo yalikuwa ya kudhalilisha. Mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa mipamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, lakini hiyo ni mojawapo ya zilizo wazi kabisa. Wazee wa nchi hii walijua tofauti ya kushirikishwa na kutumikishwa, na waliitambua hata pale ambapo kazi ya mikono ilikuwa ile ile.

Baada ya Uhuru swali hilo lilirudi kwa sura nyingine. Oktoba 1966 wanafunzi wa vyuo waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka wahitimu kutumikia miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Takriban wanafunzi 400 walifukuzwa. Mwalimu Nyerere alikasirika, lakini hakuishia kwenye hasira: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye lilifuata Azimio la Arusha. Tukio hilo lina mafunzo matatu. La kwanza, aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima ana deni, na katika hilo Mwalimu alikuwa na haki. La pili, deni la haki likidaiwa kwa masharti yaliyoandikwa na upande mmoja huzaa ukaidi hata kwa watu wenye nia njema. La tatu, kiongozi aliyetaka vijana wapunguziwe mshahara aliona kwamba lazima aanze na wa kwake. Somo hilo la mwisho tumelisahau kuliko yote.

Linganisheni na yaliyofuata. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kampeni za elimu ya watu wazima zikafikisha idadi hiyo, kwa takwimu za serikali za mwaka 1986, chini ya asilimia 10. Kazi hiyo isingewezekana bila walimu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba, waliofundisha wazazi na babu zao jioni kwa posho ndogo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili kupitia redio. Siri yake haikuwa redio peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili wenyewe ni hatari gani ya kiafya iliyo mbele ya milango yao na nini kifanyike. Vyoo vikachimbwa, madimbwi yakafukiwa. Majadiliano yalitangulia jembe. Sidai kwamba kila kikundi kilikuwa huru kabisa. Enzi ile ilikuwa na amri zake, na miaka ile ile kuhamishiwa vijijini kwa nguvu kuliwajeruhi wengi. Ndiyo maana ulinganisho huu una thamani: nchi ile ile, chama kile kile, watu wale wale. Pale walipojadili walijenga kwa moyo. Pale walipoamriwa walitii kwa manung'uniko.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Harambee inatuonyesha jinsi kauli inavyoweza kupotea polepole. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru wanakijiji walijenga mamia ya shule kwa michango na nguvu zao, na kizazi kizima kilipata sekondari kwa njia hiyo. Kadiri miaka ilivyokwenda, Harambee ikawa jukwaa la wanasiasa kutangaza vitita vya fedha, na mchango ukawa kitu anachokatwa mtu bila kuulizwa. Mwaka 2003 Kenya ililazimika kuweka sheria ya kuwadhibiti watumishi wa umma katika uchangishaji. Wananchi walioanza kama wajenzi wakabaki watazamaji. Kijana aliyekulia katika miaka hiyo ya mwisho, akakataa kuchanga, tumwite mbinafsi? Mimi namwona kama mtu aliyejifunza vizuri kile alichofundishwa.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Nairobi, katika mitaa ya Mathare. Mwaka 1987 ilianzishwa huko jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA, kwa msaada wa Bob Munro, raia wa Kanada. Takataka zilikuwa zimejaa na mitaro imeziba. Jumuiya hiyo iliunganisha mambo mawili ambayo wakubwa huyatenganisha: kandanda na usafi. Timu ilipata alama za ligi kwa kushinda mechi, na ikapata alama za ligi pia kwa kusafisha mtaa wake. Iliyokacha usafi iliumia kwenye msimamo. Maelfu kwa maelfu ya wavulana na wasichana wakaingia. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwatunuku, na timu yao kubwa, Mathare United, ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Wengi huona kandanda wakafikiri chambo ni mpira. Mpira ulivuta watoto, lakini kilichowabakiza ni utawala: viongozi wa kanda walichaguliwa na vijana wenyewe, wengi wakiwa bado na umri wa shule, na ndio waliopanga ratiba na kusuluhisha ugomvi. Waliojitolea zaidi walijikusanyia alama za ufadhili wa masomo, na fedha zikalipwa moja kwa moja shuleni. Kauli, hesabu na heshima vilikwenda pamoja.

Hapa kwetu Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zinazofurika, kuchora ramani za nyumba, njia na mitaro kwa simu na kompyuta. Simu tunayoilaumu kwamba imewapoteza vijana ndiyo iliyoonyesha maji yatapita wapi. Mkazi alijua mtaro upi huziba. Mwanafunzi alijua kuuweka kwenye ramani. Kila mmoja alikuwa na jambo ambalo mwenzake hakuwa nalo. Kwa hiyo kumpa kijana kauli si kumpa zawadi. Ni kukiri kwamba ana ujuzi ambao mradi unauhitaji, na kwamba mradi utakuwa dhaifu bila yeye.

Sasa niyajibu mapingamizi. La kwanza ndilo zito kuliko yote: vijana hawana ajira, na kumwomba mtu mwenye njaa afanye kazi bure ni kumnyonya. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Kazi inayojaza siku nzima ya mtu, mwezi hadi mwezi, na ambayo jamii haiwezi kuishi bila hiyo, ni ajira, na ajira hulipwa. Shirika la Afya Duniani lilisema hivyo mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ni jambo jema kwamba Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango mpana wa wahudumu hao wenye malipo. Kujitolea kuna mipaka: saa chache, kipindi kinachojulikana, na gharama kurudishwa. Kijana anayetoka mbali asilipe nauli ili atumikie wengine. Anayechimba apewe glavu na maji ya kunywa. Lakini pingamizi hili halivunji hoja yangu, bali linaipa nguvu. Vijana wakiwa mezani pale kazi inapopangwa, wao ndio watakaosema wa kwanza kwamba shughuli hii ni ajira iliyovalishwa joho la uzalendo. Unyonyaji hustawi mahali ambapo mnyonywaji hana kiti.

Pingamizi la pili ni kwamba vijana hawana uzoefu, na fedha za jamii si za kujifunzia. Lakini fedha za jamii zimepotea pia mikononi mwa watu wenye mvi. Kinga ya fedha ni hesabu iliyobandikwa ukutani, saini zaidi ya moja, na kikao cha kuulizana maswali, wala si umri. Wazee wana kazi isiyo na mbadala, ya kukumbusha yaliyojaribiwa yakashindwa. Wakae karibu na waonye, bila kugeuza onyo kuwa kura ya turufu. Pingamizi la tatu, kwamba sheria yatosha kuwaleta watu kazini bila kuwapa kauli, hutolewa kwa kutaja Rwanda, ambako Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na sheria ya 2007 inawataka wenye umri wa miaka 18 hadi 65 kushiriki, la sivyo hutozwa faini. Umuganda umesafisha miji na kujenga madarasa, na baada ya kazi wakazi hukaa kujadiliana. Lakini kazi yenye faini ni kodi inayolipwa kwa mikono. Nchi ina haki ya kutoza kodi. Isidai kwamba imepata mioyo. Na tunachokitafuta kwa vijana wetu ni mtu atakayeona bomba linavuja siku ya Jumanne na asisubiri Jumamosi.

Yapo mambo yanayoweza kuanza bila bajeti mpya. Kwa sheria yetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wenye miaka 18 na zaidi, wakati sera yetu ya vijana inaanza kuhesabu ujana kwenye miaka 15. Binti wa miaka 16 anasomba maji ya kujengea darasa, lakini mkutano ulioamua darasa lijengwe wapi haukumhesabu. Serikali za vijiji zinaweza kuwasikiliza vijana hao katika kikao chao kabla ya mkutano mkuu, na kusoma maoni yao hadharani. Kila kamati ya mradi inaweza kutenga nafasi kwa vijana, ikiwemo ya mweka hazina au mkaguzi, nafasi ambazo hatupendi kuwapa. Vyuo vikuu navyo viache kuwapeleka wanafunzi vijijini kwenda kupiga picha na kupanda miti isiyo na wa kuimwagilia. Mwanafunzi aende pale wenyeji walipomwita, kwa kazi waliyoitaja wao. Nanyi vijana mliomo ukumbini, kauli ina bei yake. Aliyeomba kiti katika kamati hana tena haki ya kutoonekana siku ya kuchimba. Daini kuulizwa, na mkishaulizwa, muwe wa kwanza kufika na jembe.