Kipepeo Ukutani, Kiwavi Uani

Ndugu msikilizaji, ukiingia sebuleni kwangu utaona picha kubwa ya kipepeo mweusi mwenye mabaka ya manjano, ametua juu ya ua. Nimeitundika mahali palipokuwa na kalenda ya mlima wa theluji. Mwaka wa kalenda hiyo ulikwisha zamani, ila tulishindwa kuibandua kwa uzuri wa mlima.

Picha nilinunua kwa kijana mmoja anayepanga fremu zake kando ya barabara, maeneo ya Mwenge, Dar es Salaam. Aliponitajia bei nilishtuka.

"Mdogo wangu, kwa kipepeo tu?"

Akacheka. "Mzee, kipepeo ni bure. Unalipia asubuhi nne nilizolala kifudifudi kwenye umande."

Akanieleza kwamba kipepeo haruki vizuri mpaka jua limpashe joto. Kwa hiyo mpiga picha humuwahi mapema, angali ametulia. Na hamshiki, maana rangi ya mabawa ni magamba madogo kama vumbi. Ukimgusa yanabaki kidoleni.

Nikamuuliza, "Huyu umempiga wapi, Brazili?"

"Hapa hapa mjini, mzee. Huyu anazaliwa kwenye mlimao."

Ndugu msikilizaji, nilinyamaza. Uani kwangu upo mlimao, na wiki moja kabla nilikuwa nimeupulizia dawa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya viwavi. Wadogo wanafanana na kinyesi cha ndege. Wakubwa ni wa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe laini yenye harufu kali. Kumbe ndio hao. Wataalamu humwita Papilio demodocus, na kiwavi wake hula majani ya milimao na michungwa. Nimeua watoto uani, kisha nikatoa fedha kumtundika mama yao ukutani!

Wenzetu wa Amani, katika Usambara Mashariki, walilijua hili mapema. Walifuga vipepeo kwa ajili ya maonyesho ya nje, mpaka serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mfugaji wa vipepeo huanza kwa kupanda mti ambao kiwavi anaula. Pasipo mti, hakuna kipepeo.

Sisemi mwenye mche mchanga akae akitazama ukiliwa wote. Aokote viwavi kwa mkono. Lakini mlimao mkubwa huvumilia majani machache kutoboka.

Nawe ukipata picha ya namna hiyo, mlipe mpiga picha jasho lake, na usiitundike panapopigwa na jua, isije ikapauka. Kisha toka nje, uangalie mti wako kabla hujashika bomba la dawa. Mimi langu nimeliweka stoo.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.