Anaongea na Nani Usiku?

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lililonikuta nikiwa mgeni nyumbani kwa dada yangu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 1 Novemba 2025. Nilifika Kitengela jioni, tukala, tukaomba. Dada yangu ana mtoto wa kiume, kijana wa miaka 19. Tulipomaliza kuomba, kijana aliondoa vyombo mezani, akatuaga kwa heshima, akaingia chumbani na kufunga mlango. Haukupita muda tukasikia sauti yake. Alicheka, akanyamaza, akacheka tena. Dada yangu akatikisa kichwa akaniambia, "Unamsikia, kaka? Kila usiku ni hivyo. Hapa mezani hatoi neno. Huko ndani anaongea na watu asiowajua hata sura."

Nyumba ya dada yangu ni ndogo, na mgeni hulala chumba kimoja na kijana. Nilipoingia alikuwa ameketi juu ya kitanda chake, simu mkononi. Nikamwambia aendelee tu. Nikajilaza, nikaugeukia ukuta, na nakiri mbele yenu kwamba nilijifanya nimelala. Vile vidude vya kusikilizia masikioni vilikuwa vimeharibika, basi sauti za wenzake zilitoka kwenye simu yenyewe, nami nikazisikia zote.

Walikuwa wakicheza mchezo wa vita, ule ambao wachezaji hushuka kisiwani kwa miavuli na kupigana na makundi mengine mpaka libaki kundi moja. Kwanza nilisikia kelele tu: nenda kulia, jifiche, nipe risasi. Lakini katikati ya kelele hizo palikuwa na mazungumzo mengine, yaliyopita polepole kama maji chini ya nyasi. Mmoja alikuwa Kampala. Alisema baba yake amelazwa hospitali na daktari hajasema neno. Mwingine ni Mkenya mwenzetu, askari wa kulinda majengo huko Doha, ambaye alikuwa ametoka zamu. Alisema mshahara umechelewa tena na nyumbani wanapiga simu wakidhani anawaficha pesa. Mpwa wangu akasema ameandika barua za kuomba kazi mpaka amechoka. Kisha risasi zikalia, wakakimbia, wakacheka.

Halafu mmoja akauliza, "Yule wa Dar bado?" Mpwa wangu akajibu, "Bado. Leo ni siku ya nne."

Mnakumbuka siku zile. Tanzania ilipiga kura tarehe 29 Oktoba 2025, na siku ileile intaneti ikazimwa nchini kote. Dar es Salaam watu wakaamriwa wasitoke nje usiku. Habari zilizotufikia za ghasia na za watu kuuawa zilikuwa vipande vipande. Kundi la hao vijana ni la watu wanne, na wa nne wao alikuwa kijana wa Dar. Walikuwa wamecheza naye miaka miwili. Hawakujua jina la baba yake, wala namba ya simu ya mama yake, wala mtaa anaokaa. Hapakuwa na mlango wa kubisha. Mchezo huo huweza kuwatafutia mtu mwingine yeyote wa kujaza nafasi, lakini hawakukubali. Walicheza watatu, nafasi ya nne wakaiacha wazi, na kwa hiyo wakashindwa mara kwa mara.

Ndugu zangu, mimi nimewahi kusimama mimbarini na kuiita michezo hiyo mwizi wa wakati. Sijalifuta neno hilo lote. Kijana anayecheza mpaka saa tisa za usiku hawezi kuamka na kwenda shambani au shuleni, nao wanaotengeneza michezo hiyo wanajua sana namna ya kumfanya asiiache. Lakini usiku ule nikiwa nimeugeukia ukuta niliona ya kwamba nilihukumu mchezo bila kuuliza habari za wachezaji.

Nilimkumbuka marehemu baba yangu. Kila Jumapili baada ya ibada alicheza drafti na jirani yetu mbele ya duka, kwa vifuniko vya soda, ubao juu ya kreti. Baba hakuwa mtu wa maneno. Mama alilalamika kwamba nyumbani anakaa kama jiwe. Siku moja nilitumwa kumwita chakula, nikamsikia akimwambia jirani, macho yake yakiwa kwenye ubao, kwamba anahofia kifua chake na hajui jinsi ya kutuambia. Jirani naye hakuinua macho. Alisogeza kifuniko kimoja, akasema, "Kesho nitakusindikiza kwa daktari." Na kweli akamsindikiza. Nadhani baba asingeweza kuyasema yale kama angetazamwa usoni. Wanaume wengi tuko hivyo, na wana wetu wametuiga. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kutazama, ulimi hufunguka.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, hadi nchi ya Norwei, maana huko kuna wazazi waliolijua jambo hili wakiwa wamechelewa. Mtoto wao aliitwa Mats Steen. Alizaliwa mwaka 1989 akiwa na ugonjwa uitwao Duchenne, ambao hula misuli ya mwili polepole na huwapata hasa watoto wa kiume. Aliingia katika kiti cha magurudumu akiwa bado mtoto. Mwishowe aliweza kusogeza vidole tu, na mashine ikamsaidia kupumua. Alikaa katika vyumba vyake kwenye nyumba ya wazazi wake mjini Oslo, akicheza mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft. Kwa miaka yake ya mwisho alitumia huko saa elfu nyingi. Wazazi walimpenda, walimtunza, na walihuzunika. Baba yake, Robert Steen, alieleza baadaye kwamba huzuni yao kubwa ilikuwa hii: waliona mwana wao ataondoka duniani bila kuwa na rafiki, bila kupendwa, bila kumfaa mtu yeyote.

Mats alifariki mwezi wa Novemba 2014, umri wake miaka 25. Alikuwa amewaachia wazazi neno la siri la kufungulia ukurasa aliokuwa akiuandika. Basi wakafungua, wakaandika habari ya msiba, wakaweka anwani yao, wasijue kama kuna mtu atakayesoma.

Barua zikaanza kuja. Ilikuja moja, ikaja ya pili, zikaendelea kuja kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Watu wasiowajua waliwaandikia kurasa nzima wakimlilia mwana wao. Huko mchezoni alikuwa mtu wa miraba minne aitwaye Ibelin, na alikuwa katika kundi liitwalo Starlight. Walipokuwa wakizurura pamoja kwa mchezo, walikuwa wakiandikiana mazungumzo ya maisha yao. Mama mmoja aliyeshindwa kumfikia mwanawe mwenye usonji alipata shauri kwa Mats: acheze na mwanawe humo humo mchezoni, waanze kusalimiana huko. Msichana mmoja wa Uholanzi alinyang'anywa kompyuta na wazazi wake kwa sababu ya masomo, akabaki mpweke kabisa. Mats akawaandikia wazazi wale barua ya heshima, akiwaomba waangalie pia ni marafiki gani wamemnyang'anya pamoja na ile kompyuta.

Siku ya mazishi baadhi yao walisafiri hadi Oslo kutoka nchi nyingine. Wenzao walichanga nauli kwa wasioweza. Hebu fikirini wazazi wale wakiwaona wageni wakiingia na kulia kama ndugu.

Nisiwafiche, Mats hakuwa malaika. Aliwaficha wenzake ugonjwa wake miaka mingi. Walipokutana uso kwa uso, yeye hakwenda. Siku nyingine alikuwa mkali akawaumiza waliompenda, na ikambidi kuomba msamaha. Tunajua hayo kwa kuwa mazungumzo ya kundi lile yalihifadhiwa, kurasa zaidi ya elfu 40, na mwaka 2024 ikatoka filamu iliyotengenezwa kutokana nayo. Nikisoma habari zake najiuliza: wazazi walikuwa katika nyumba moja naye, na watu hao walikuwa ng'ambo ya bahari. Ni nani aliyekuwa karibu?

Jibu si rahisi, wala Maandiko hayalirahisishi. Paulo aliwaandikia watu wa Kolosai akiwaeleza jinsi anavyojitaabisha kwa ajili yao, na wengi wao hawakuwahi kumwona kwa macho. Hakuna mmoja wetu anayesema upendo ule ulikuwa wa bandia kwa sababu ulipita katika karatasi. Lakini mzee Yohana, alipomwandikia Gayo ile barua fupi, alisema ana mengi bado, ila hataki kuyamalizia katika wino na kalamu, kwa kuwa anatumaini kumwona upesi wazungumze. Yohana aliithamini barua akaiandika, na bado akautamani uso wa rafiki. Nami nadhani Mats naye aliutamani, akauogopa.

Wala mazungumzo ya vijana hawa si porojo tupu. Mtandao wa Discord ulianzishwa mwaka 2015 ili wachezaji wa michezo ya kompyuta wapate mahali pa kuongea wanapocheza. Mwezi wa Septemba 2025, Nepal ilipokuwa imechafuka, vijana wengi wakiwa wameuawa na Waziri Mkuu amejiuzulu, maelfu ya vijana wa nchi hiyo walikusanyika katika Discord kujadili nani awaongoze kwa muda. Aliyependekezwa na wengi huko, Sushila Karki, aliyekuwa Jaji Mkuu, aliapishwa tarehe 12 mwezi huo. Sisemi kama ni njia nzuri ya kuchagua kiongozi. Nasema kwamba baraza la vijana liko huko, na wazee hatumo.

Najua yuko mzazi anayesikiliza akisema, "Mchungaji, je, wadanganyifu?" Umesema kweli, mama. Wapo. Vijana wetu wa Kenya wameahidiwa kazi nzuri za Thailand kupitia mitandao, wakajikuta wamefungiwa Myanmar wakilazimishwa kutapeli watu. Wapo watu wazima wanaojifanya watoto ili wawapate watoto. Mtu akimwomba mwanao pesa, au picha, au akimwambia asikueleze, huyo si rafiki. Lakini mwanao atakuambiaje kuna mtu wa namna hiyo, ikiwa kila ukipita mlangoni kwake neno lako ni moja tu, zima hiyo simu?

Asubuhi ile ya Jumapili, tukienda kanisani, nilimwuliza mpwa wangu, "Yule wa Dar ni mtu wa namna gani?" Akasimama njiani akanitazama. "Kumbe Mjomba hukulala?" Nikamwomba radhi. Akaanza kunieleza. Alieleza njia nzima, na tulipofika mlangoni mwa kanisa alikuwa bado hajamaliza. Kijana wa Dar ni fundi wa pikipiki, hucheka kwa sauti kama ya jogoo, na ndiye aliyewazuia wenzake wasimtukane yule wa Doha siku alipolewa. Wakati wa maombi niliona midomo ya mpwa wangu ikitikisika.

Jumatatu intaneti ya Tanzania ilianza kurudi. Usiku ule sikujifanya nimelala. Nilikaa kwenye kiti nikiwa na kikombe changu, na dada yangu alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, amekuja kusema ni saa ya kulala. Mara kwenye simu ikasikika sauti, "Niaje, wazee?" Wote watatu wakapiga kelele kwa mara moja, hata sikuelewa neno. Walimwuliza kama yu mzima, kama mama yake ni mzima, kama alikuwa na chakula. Akajibu kwa kifupi kwamba yupo, ya huko atayasema siku nyingine. Halafu akauliza yeye, kabla ya kuuliza lolote juu ya mchezo, kama baba wa yule wa Kampala ametoka hospitali.

Kampala wakakaa kimya kidogo. Dada yangu aliingia chumbani, akaketi juu ya kitanda karibu na mwanawe, akainama kwenye simu.

"Ndiyo, mwanangu," akasema, "hata mimi nataka kujua. Mzee ametoka?"